Kurithisha Kozi ya Miaka 33: Uchambuzi wa Kisa cha Mhadhiri wa Mbinu za Kufundishia Maarifa ya Jamii

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachoelezwa hapa kilitokea katika idara ya elimu ya chuo kikuu kimoja, na kinahusu kozi moja tu, yaani mbinu za kufundishia maarifa ya jamii. Majina ya watu, ya chuo na ya shule yameondolewa, na mambo madogo yasiyogusa maana yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Mhadhiri aliyekuwa akikaribia kustaafu nitamwita Mwandamizi, na aliyeteuliwa kuishika kozi baada yake nitamwita Mrithi. Mimi nilikuwa mratibu wa mazoezi ya kufundisha katika idara hiyo, na nilishiriki katika karibu maamuzi yote yatakayotajwa, yakiwemo mawili ambayo leo naona yalikuwa na kasoro kubwa. Ninawaandikia hasa wale ambao katika idara zao yupo mhadhiri anayekaribia kuondoka na ujuzi ambao hakuna aliyewahi kumuuliza habari zake.

Usuli

Maarifa ya jamii ni somo lenye wazazi wengi. Historia, jiografia, uraia na uchumi kila moja lina wataalamu wake na mabishano yake, ilhali mwalimu wa maarifa ya jamii hutakiwa kuyakutanisha yote ndani ya kipindi kimoja, mbele ya mtoto wa miaka 10. Nchini Marekani jina la somo hili lilipata nguvu kupitia ripoti ya kamati ya mwaka 1916, iliyoliweka chini ya lengo la kulea raia. Barani Afrika, mkutano wa waelimishaji uliofanyika Mombasa mwaka 1968 ulifungua njia ya mpango wa pamoja wa maarifa ya jamii ambao makao yake yaliwekwa Nairobi, na hoja yake kubwa ilikuwa kwamba mtoto aielewe na kuihoji jamii yake mwenyewe badala ya kukaririshwa mambo ya mbali. Ahadi imekuwa karibu ileile kila mahali, na kikwazo nacho ni kilekile: mwalimu aliyelelewa kwa kunakili kutoka ubaoni, akisimama mbele ya darasa lake, huwanakilisha wengine.

Mwandamizi alianza kufundisha kozi hii akiwa mhadhiri msaidizi na akaishika kwa miaka 33. Katika muda huo mtaala wa shule ulibadilishwa mara nne, na darasa lake lilikua kutoka wanachuo 38 hadi zaidi ya 300, wakagawanywa katika semina nane zinazoongozwa na wahadhiri wasaidizi. Hakuwa na machapisho mengi, na sidhani kama jina lake lilijulikana sana nje ya shule tulizopeleka wanachuo. Lakini katika shule hizo walimu wakuu walikuwa wakiniuliza, kabla ya kuuliza jambo lingine lolote, kama waliopelekwa kwao wamepita mikononi mwake.

Miaka mitatu kabla ya kustaafu, Mwandamizi aliugua na kuwa likizo kwa muhula mzima. Mwenzetu mmoja, mwenye bidii na anayelijua somo, aliishika kozi akitumia notisi, mazoezi na mitihani ileile. Mwaka huo nilikagua vipindi 26 vya wanachuo waliokuwa mazoezini. Maandalio ya somo yalikuwa safi, malengo mahsusi yameandikwa kwa vitenzi vinavyopimika, na zana zilikuwepo mezani, lakini katika vipindi 19 kati ya hivyo hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeuliza swali kuhusu mada. Sikuwa nimehesabu namna hiyo miaka iliyotangulia, kwa hiyo siwezi kutoa ulinganisho wa haki, ila nilikuwa nimekaa katika vipindi vya kutosha vya wanachuo wa Mwandamizi kujua kwamba kuna kitu hakikufika shuleni, ingawa kila kilichoandikwa kilikuwa kimefika.

Uamuzi wa kwanza: kuandika kila kitu

Mwandamizi aliporudi, idara ilikaa na kuamua kwamba kozi ihifadhiwe kwa maandishi. Wazo hilo lilikuwa langu. Nilijenga hoja kwamba kama notisi hazikutosha, basi zilikuwa fupi mno, na dawa yake ilikuwa kiongozi kamili cha mhadhiri, chenye kila wiki, kila zoezi na kila swali la kuulizwa. Tulimpunguzia Mwandamizi vipindi kwa muhula mmoja ili aandike, naye akaandika kurasa 140 kwa uaminifu mkubwa. Muhula uliofuata Mrithi, ambaye miaka 15 kabla yake alikuwa mwanachuo wa Mwandamizi mwenyewe, alikabidhiwa kiongozi hicho afundishe wiki nne za mwanzo.

Wiki ya tatu nilikaa nyuma ya darasa. Zoezi lilikuwa lile ambalo wahitimu wengi wa kozi hii hulikumbuka. Wanachuo hupewa maelezo mawili mafupi ya mkutano mmoja wa wakazi, moja likiwa la karani wa mkutano na jingine la mkazi ambaye hoja yake ilikataliwa, kisha huulizwa swali moja: je, wote wawili wanasema kweli? Katika kiongozi, baada ya swali hilo, Mwandamizi alikuwa ameandika: "Subiri wanachuo wajibu." Mrithi aliuliza swali kwa sauti nzuri, akasubiri kwa muda ambao kwa kuhesabu kwangu haukuzidi sekunde tatu, kisha akaanza kusaidia. Alieleza maana ya chanzo, akataja upendeleo wa mwandishi, akaandika ubaoni hatua tano za kuchambua chanzo, na wanachuo wakainamia madaftari. Zoezi lililotungwa ili kumtoa mwanachuo kwenye kunakili lilikuwa limegeuka kuwa la kunakili, na mimi niliyekuwa nimependekeza kile kiongozi nilikuwa nacho mkononi, nimekifungua kwenye ukurasa uleule.

Jioni hiyo tulikaa watatu. Mrithi aliuliza swali ambalo mimi sikuwahi kulifikiria katika muhula mzima wa uandishi: "Mwalimu, pale ukishauliza, ukiwa umenyamaza, huwa unafanya nini?" Mwandamizi alikaa kimya kidogo, kisha akajibu kwamba huwa hasubiri tu. Alisema huangalia nani ameirudia karatasi. Akirudi mmoja, wa pili atamfuata, na wakishakuwa watatu au wanne hoja itazuka yenyewe. Lakini mhadhiri akitamka neno lolote, hata la kutia moyo, macho yote humrudia yeye na karatasi huachwa. Kisha akasema kwamba hakuwahi kujua kuwa huwa anafanya hivyo mpaka alipoulizwa.

Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi na kuchapisha matokeo yake miaka ya 1970, alionyesha kwamba walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, na kwamba wakirefusha muda huo hadi sekunde tatu au zaidi majibu ya wanafunzi huwa marefu na yenye hoja zaidi. Tulilijua hilo wote na tulilifundisha. Alichokuwa akikifanya Mwandamizi kilizidi kurefusha kimya, kwa sababu alikuwa na kitu cha kutazama wakati wa kimya hicho, na ndicho kilichomwezesha kukivumilia. Mtu anayeambiwa asubiri bila kuambiwa atazame nini atahesabu sekunde huku moyo ukimwenda mbio.

Uamuzi wa pili: kufundisha pamoja

Baada ya siku hiyo tulikiweka kiongozi kando kwa muda na kuamua kwamba wawili hao wafundishe kozi pamoja muhula mzima. Mwanzo ulikuwa mgumu kuliko tulivyotarajia. Mwandamizi hakuweza kujizuia. Mrithi alipokwama kidogo, Mwandamizi aliingilia kwa nia njema, na kila alipofanya hivyo wanachuo walizidi kumwona Mrithi kama msaidizi tu. Kufikia wiki ya tano walikuwa wakijibu swali la Mrithi huku wamemgeukia Mwandamizi. Jambo hili lilimuumiza Mrithi, na alinieleza waziwazi kwamba afadhali ashindwe peke yake kuliko kuokolewa mbele ya watu 300.

Mwandamizi ndiye aliyependekeza utaratibu uliotuokoa. Alisema atakaa nyuma, hatatamka neno darasani kwa sababu yoyote, na ataandika maswali tu, yaani mahali ambapo Mrithi alifanya uamuzi ambao yeye hakuuelewa au asingeufanya. Baada ya kipindi walikaa kama dakika 40, na kila swali lilianza kwa "kwa nini". Mrithi naye alikuwa na haki hiyohiyo Mwandamizi alipofundisha. Nilihudhuria mazungumzo sita ya namna hiyo, na ninakiri kwamba nilijifunza humo kuhusu kufundisha maarifa ya jamii kuliko nilivyojifunza katika shahada yangu ya pili. Mambo ambayo hayakuwemo katika zile kurasa 140 yalikuwa yakitajwa kwa mara ya kwanza: kwa nini ramani ya njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni huchorwa kwanza bila rula, kwa nini mjadala kuhusu jambo linaloigawa jamii hautakiwi kuanza na kura ya mikono, na kwa nini jibu sahihi likitolewa mapema hupokelewa kwa uso uleule unaopokea jibu lenye kasoro.

Uamuzi wa tatu: kukagua pamoja

Wakati wa mazoezi ya kufundisha niliwapanga wakague vipindi vilevile, kila mmoja akijaza fomu yake kabla hawajazungumza. Kipindi cha kwanza Mrithi alitoa alama 78 na Mwandamizi 61. Mwanachuo yule alikuwa amefundisha kwa kujiamini na kwa mpangilio mzuri, na Mrithi alikuwa amemtazama yeye muda wote. Mwandamizi alikuwa ametembea taratibu nyuma ya madawati akisoma madaftari ya watoto, na aliona kwamba wote walikuwa na sentensi zilezile nne, neno kwa neno.

Tofauti ya pili ilikuwa na uzito zaidi. Mada ilikuwa namna jamii inavyofanya maamuzi ya pamoja, na mtoto mmoja aliuliza kwa nini barabara ilipitishwa upande wa wengine na si upande wa kwao. Mwalimu mwanafunzi alitabasamu na kusema kwamba jambo hilo wataliona baadaye. Mrithi aliandika kwenye fomu kuwa amedhibiti muda vizuri. Mwandamizi aliandika kwamba hapo ndipo somo lilipofika mlangoni likarudishwa. Katika mazungumzo ya baada ya kipindi hakumlaumu mwanachuo, bali alimuuliza aliogopa nini, na mwanachuo akasema kweli: aliogopa kuonekana anachukua upande. Basi walitumia nusu saa kufikiria pamoja namna mwalimu anavyoweza kuligeuza swali kama hilo kuwa uchunguzi, kwa kuuliza ni nani waliokaa kuamua, walikuwa na taarifa gani, na ni nani hakuitwa, bila mwalimu kutangaza hukumu yake. Kufikia kipindi cha kumi alama zao hazikuwa zikitofautiana kwa zaidi ya tano, lakini kilichonifurahisha zaidi ni kwamba katika vipindi viwili Mrithi aliona jambo ambalo Mwandamizi hakuliona, naye Mwandamizi akabadilisha fomu yake.

Jambo ambalo Mrithi alikataa kulirithi

Kwa miaka yote Mwandamizi alikuwa amefundisha kwamba mada za maarifa ya jamii zipangwe kwa duara zinazopanuka: familia kwanza, kisha shule, mtaa, wilaya, nchi na mwishowe dunia. Mpangilio huu, ambao mtaalamu wa elimu Paul Hanna aliueneza sana Marekani, umeingia katika mitaala ya nchi nyingi kiasi kwamba walimu huudhania kuwa ni sheria ya maumbile ya mtoto. Mrithi aliupinga. Alisimama na hoja ambayo mwanafalsafa wa elimu Kieran Egan aliitetea miaka ya 1980, kwamba mtoto mdogo huyashika mambo ya mbali sana kwa urahisi yakiletwa kwa hadithi yenye mvutano, na kwamba ukaribu wa mahali si ukaribu wa akili.

Hili liliwagombanisha kwa wiki tatu. Mwandamizi aliona kwamba kozi yake inabomolewa kabla hajaondoka, na Mrithi aliona kwamba anatakiwa kuwa sanduku la kuhifadhia. Mkuu wa idara alitaka nitoe uamuzi, nami nilikataa, kwa kuwa suala lilikuwa la kitaaluma na wenyewe walikuwa na uwezo wa kulimaliza. Hatimaye walikubaliana kwamba mabishano yenyewe yaingie kwenye kozi. Wanachuo hupewa mada moja, huandaa masomo mawili, moja likianzia nyumbani kwa mtoto na jingine likianzia mbali kwa hadithi, na huyafundisha yote mawili kwa wenzao kabla ya kutetea chaguo lao. Nikiombwa kutaja wiki moja ya kozi iliyopo sasa ambayo ni bora kuliko ilivyokuwa katika miaka yote 33, nitaitaja hiyo.

Matokeo

Mwandamizi alistaafu mwisho wa mwaka ule. Mwaka wa kwanza wa Mrithi peke yake nilikagua tena vipindi 26, na safari hii vipindi visivyo na swali hata moja la mwanafunzi vilikuwa tisa. Saba kati ya hivyo tisa vilikuwa vya wanachuo wa semina mbili zilezile, ambazo wahadhiri wasaidizi wake hawakuwahi kukaa katika mazungumzo yoyote ya baada ya kipindi. Tulikuwa tumemwandaa mtu mmoja kwa kozi inayofundishwa na watu tisa.

Hasara nyingine hatukuiona ikija. Kati ya shule saba zilizokuwa zikipokea wanachuo wetu kila mwaka, mbili zilikataa. Mwalimu mkuu wa shule moja aliniambia kwa upole kwamba makubaliano yao yalikuwa na Mwandamizi: yeye alikuwa akirudi baada ya mazoezi, kwa muda wake mwenyewe, kukaa na walimu wa somo na kuwaeleza alichokiona, na ndiyo sababu walivumilia usumbufu wa kuwapokea wanachuo. Hakuna mahali hili lilipoandikwa. Ratiba zote za mazoezi zilipitia mezani kwangu, na sikujua.

Uchambuzi

Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa elimu Lee Shulman alitofautisha kulijua somo, kujua kufundisha kwa jumla, na maarifa ya tatu ambayo ni kujua namna somo hili mahsusi linavyoeleweka na linavyokwama kwa wanafunzi. Yaliyokuwa kwa Mwandamizi yalikuwa hayo ya tatu, na kwa mhadhiri wa mbinu yana tabaka jingine juu yake, kwa sababu anapaswa kujua pia namna walimu watarajiwa wanavyokwama wanapojaribu kumwelewa mtoto anayekwama. Maarifa ya aina hii hukaa ndani ya maamuzi ya papo kwa papo, na mwenye nayo hawezi kuyaorodhesha akiwa peke yake mezani. Huyatamka anapoulizwa kuhusu tendo lililotokea saa hiyohiyo, na anapoulizwa na mtu ambaye naye anatakiwa kulitenda kesho. Ndiyo maana mazungumzo ya dakika 40 yalifaulu pale muhula mzima wa uandishi uliposhindwa. Baadaye kiongozi kiligeuka kuwa na manufaa, lakini baada tu ya Mrithi kujaza pambizo zake kwa majibu ya "kwa nini". Sasa pambizo hizo husomwa kuliko maandishi ya katikati.

Historia ya somo letu ingeweza kutuonya. Mtaala uitwao Man: A Course of Study, uliotayarishwa Marekani miaka ya 1960 kwa ushiriki mkubwa wa mwanasaikolojia Jerome Bruner, ulikuwa na filamu, vijitabu na michezo iliyoandaliwa kwa ustadi, lakini wenyewe waliona kwamba vifaa pekee havitoshi na wakasisitiza mafunzo ya walimu kabla ya kuutumia. Mwaka 1975 ukawa gumzo katika Bunge la nchi hiyo kwa sababu za kisiasa na kimaadili, na ufadhili wake ukakoma. Mimi naliangalia tukio hilo kwa jicho la mazoezi ya kufundisha: somo linalowafundisha watoto kuhoji jamii humhitaji mwalimu anayeweza kueleza kwa wazazi na kwa uongozi kwa nini anafanya anachofanya, na uwezo huo haupatikani ndani ya boksi la vifaa.

Kwa upande wa wanachuo, mwanasosholojia Dan Lortie alionyesha mwaka 1975 kwamba mwalimu mtarajiwa hufika mafunzoni akiwa amekaa maelfu ya saa akitazama walimu wake, bila kuona sababu zilizo nyuma ya matendo yao. Tuliielewa hoja hiyo kwa ajili ya wanachuo na tukaisahau kwa ajili yetu. Mrithi naye alikuwa amemtazama Mwandamizi akiwa mwanachuo, na wiki ile ya tatu aliiga sura ya zoezi kwa sababu sura ndiyo aliyoiona.

Kuhusu muda, nadhani tulianza kwa kuchelewa kwa angalau miaka mitatu. Muhula wa uandishi ungefaa uje mwisho, baada ya kufundisha pamoja, ili kinachoandikwa kiwe kimeshaulizwa. Utaratibu wa Mwandamizi kukaa kimya nyuma ungeanza siku ya kwanza. Ugomvi kuhusu duara zinazopanuka nisingeuondoa, kwani mrithi asiye na ruhusa ya kukataa hana sababu ya kuuliza kwa nini.

Mwaka huu Mrithi ameomba wahadhiri wasaidizi wawili wa zile semina mbili wakae nyuma ya darasa lake, na baada ya kipindi wamuulize yeye. Kwa shule mbili zilizotuacha, Mwandamizi alikubali kutoka nyumbani na kutupeleka mwenyewe, Mrithi na mimi, kukaa na walimu wa somo. Moja imekubali kupokea wanachuo wanne muhula ujao, kwa sharti kwamba Mrithi atarudi kwao baada ya mazoezi kuwaeleza alichokiona, na safari hii sharti hilo limeandikwa kwenye barua ya makubaliano. Nyingine bado inafikiria.